Dirii ya ndoo: uvae, upumue, ucheze

Umepewa nafasi ya askari wa Kirumi katika mchezo wa kuigiza wa shule. Hongera! Maneno umeyakariri, sauti unayo. Sasa mwalimu wa klabu anakutazama kutoka juu mpaka chini, anauliza, "Askari gani huyu aliyevaa sweta la shule?" Kazi ndiyo inaanza hapo. Chuma hakuna, na hata kingekuwepo ungekibebaje saa nzima? Lakini nenda nyuma ya jiko la shule, au pita pale Laela siku ya soko, utaona ndoo zilizopasuka, madumu ya mafuta ya kula yaliyotoboka, na vipande vya mabomba vilivyobaki baada ya ujenzi. Nguo zako za vita ziko pale.

Mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar unajulikana sana kwetu kwa sababu Mwalimu Nyerere mwenyewe aliutafsiri. Kitabu kilitoka mwaka 1963, na tafsiri aliyoirekebisha ikatoka mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwishoni mwa mchezo huo majeshi yanapambana, na askari asiye na dirii kifuani wala chapeo kichwani huonekana kama mtu aliyepotea njia akienda mashineni kusaga. (Maneno hayo mawili, dirii na chapeo, waliokaa kanisani wanayajua vizuri.)

Wengine wataona haya, eti plastiki ni vazi la kimaskini. Hebu sikiliza. Filamu ya Star Wars ilipigwa kwa sehemu hapahapa Afrika, nchini Tunisia, mwaka 1976, na wale askari weupe unaowaona walivaa plastiki iliyolainishwa kwa joto na kubanwa kwenye kalibu. Mwaka 1997 huko Marekani kijana mmoja, Albin Johnson, alianzisha na mwenzake kikundi cha watu wanaojitengenezea mavazi kama yale kwa kujifurahisha. Kikundi hicho kinaitwa 501st Legion, na wanachama wake huenda hata hospitali kuwachekesha watoto wagonjwa. Nairobi nako wapo vijana wanaojishonea na kujiundia mavazi ya wahusika wa filamu na katuni. Kwa hiyo haupo peke yako.

Mbona basi gazeti la afya linaingilia mambo ya michezo ya kuigiza? Kwa sababu plastiki inapopata moto hutoa sumu, na mwili uliofungwa ndani ya plastiki hupata joto kupita kiasi. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoweza kumtoa mwigizaji jukwaani akiwa amebebwa.

Dumu lilibeba nini?

Kabla ya kushika kisu, jiulize swali hilo. Sisi huku ni wakulima wa mahindi na maharage, na madumu ya dawa za kuulia wadudu na magugu yanazagaa kila upande. Hayo usiyaguse kabisa, hata kama yameoshwa mara kumi, hata kama rangi yake inapendeza. Dawa hujipenyeza ndani ya plastiki yenyewe. Ukilivaa kifuani huku unatokwa jasho, ngozi itaipokea. Chagua la mafuta ya kula, la sabuni au la maji. Kama hakuna anayejua lilibeba nini, liache.

Halafu ligeuze utazame chini yake. Mara nyingi utakuta pembetatu ndogo yenye namba. Namba 2 na namba 5 ndizo ndoo na madumu mengi. Hazivunjiki upesi na zinakatika kwa mkasi wa bati. Namba 3 ni PVC, yaani plastiki ya mabomba. Namba 6 ni ile inayopasuka kama kioo na kuacha ncha kali, achana nayo.

Kwa dirii ya kifua, ndoo ya lita 20 inatosha. Tayari ina mviringo unaokaribiana na wa kifua cha mtu, kwa hiyo haihitaji moto hata kidogo! Ukate tu, utoboe, ufunge. Mimi hupendelea njia hii kuliko zote, hata kama wenzako watasema haina ufundi.

Maji ya moto, usitumie moto wenyewe

Mabomba ya PVC ni mazuri kwa vikinga vya mikono na vya miguu. Bomba la inchi 4 ukilipasua kwa urefu na kulikunjua, unapata bamba la upana wa zaidi ya sentimeta 30. Vijana wengi hulishikilia juu ya moto mpaka lilainike. Hapo ndipo penye hatari. PVC ikiungua hutoa gesi ya hidrojeni kloridi. Gesi hiyo ikikutana na unyevu wa macho, pua na mapafu inageuka asidi ya hidrokloriki, ile ile uliyoiona maabara kwenye chupa yenye alama ya hatari. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua palepale.

Njia salama ni maji. PVC hulainika kwenye nyuzi kama 80 za sentigredi. Huku Ufipa tuko juu, kwa hiyo maji yetu huchemka kama kwenye nyuzi 95, siyo 100 kama kitabu cha fizikia kinavyosema kwa usawa wa bahari. Anayepika maharage anaipata taabu yake, lakini kwa bomba joto hilo linatosha sana. Tumbukiza bamba kwenye maji yanayochemka, ulishike kwa koleo, subiri mpaka lilegee. Likunje juu ya gogo au chupa iliyofungwa kitambaa, kisha limwagie maji baridi. Limeshakauka na umbo lake. Usilikunje juu ya mguu wa rafiki yako, jamani! Na sufuria hiyo isirudi tena kwenye ugali.

Ndoo na madumu ya namba 2 hayalainiki kwa maji ya moto, usipoteze kuni zako. Yakate na kuyakunja baridi. Wale wanaotoboa matundu kwa msumari wa moto, fanyeni uwanjani na simama upande upepo unakotokea, moshi uende mbali nawe. Bora zaidi utumie keekee.

Nisisitize jambo la Juni na Julai. Baridi ya kwetu mnaijua. Watu wanajifungia chumbani na jiko la mkaa, wanafanya kazi yao kwa raha. Mkaa unaowaka chumbani bila hewa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inaanza na kuumwa kichwa, kichefuchefu na usingizi, na mtu anaweza kulala asiamke. Fanyeni kazi barazani, mjifunike mablanketi kama ni lazima.

Wazee wa Kifipa walikuwa mabingwa wa moto. Waliyeyusha chuma katika matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, malungu, yaliyojivutia hewa yenyewe kupitia matundu ya chini. Walijua kwamba moto na hewa haviachani.

Gundi nayo ina mambo yake. Gundi ya mafundi viatu ina mvuke unaolevya, unaoumiza ubongo, na unaoshika moto haraka. Ipake nje, mbali na jiko. Gundi ile ya tone moja inayokauka upesi usiifute kwa pamba wala usivae glovu za pamba, kwa sababu ikikutana na pamba hupata joto kali na kuunguza vidole. Kuliko gundi, mimi ningetumia kamba na mipira ya tyubu ya baiskeli.

Ukiungua, weka sehemu hiyo kwenye maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno hapana, majivu hapana, mafuta hapana. Plastiki ikigandia kwenye ngozi usiibandue. Ipoze kwa maji, nenda kituo cha afya wakaitoe wao.

Pima mwili unaopumua

Mafundi cherehani hupima mtu amesimama wima kama nguzo. Kwa dirii haitoshi. Vuta pumzi mpaka mwisho, uizuie, ndipo rafiki apitishe futi kifuani. Ongeza sentimeta 5. Halafu chora pateni kwenye boksi la karatasi, ulivae boksi hilo kwanza. Boksi likikosewa hasara yake ni ndogo.

Ukiwa ndani ya boksi, inua mikono juu, chuchumaa, keti, kisha ulale chini kama umechomwa upanga, maana wengi wenu mtakufa jukwaani. Ukiketi na ukingo wa juu ukakusukuma kooni, dirii ni ndefu mno. Ipunguze chini iishie kiunoni, juu kidogo ya mifupa ya nyonga. Ukishindwa kukutanisha mikono mbele, panua matundu ya kwapa. Shingoni acha nafasi ya vidole vitatu chini ya mfupa wa mtulinga.

Wasichana, nanyi mnaweza kuwa askari, tena wazuri. Dirii isikandamize matiti, na kipimo chenu mpimane wenyewe kwa wenyewe. Mtu akisema ikazwe "ili ikae vizuri", mwambie huwezi kupaza sauti bila pumzi.

Mikanda ya mikononi na miguuni ipitishe vidole viwili chini yake. Baada ya kufunga, bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, uachie. Wekundu urudi ndani ya sekunde mbili. Ukichelewa, au vidole vikifa ganzi, legeza. Kingo zote zipigwe msasa uliolowa maji, ili usivute vumbi, kisha zivishwe tyubu iliyopasuliwa. Ndani bandika vipande vya ndala kuukuu, na chini ya yote vaa fulana ya pamba.

Chapeo isifunike pua, mdomo wala masikio. Geuza kichwa kulia na kushoto: kama huoni ukingo wa jukwaa, ongeza tundu.

Siku ya mchezo

Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka. Chini ya plastiki jasho halikauki. Ndiyo maana napendekeza dirii ya mbele tu, mgongoni mikanda miwili iliyopishana, hewa ipite. Kunywa maji kabla ya kuvaa, vaa mwisho kabisa, na kila ukitoka jukwaani fungua mikanda. Mchaguane mtu mmoja asiyeigiza, kazi yake maji na kutazama nyuso za wenzake.

Mwenzako akilalamika kizunguzungu, kichwa kuuma au misuli kukaza, mvue, mweke kivulini, mpepee, mpe maji kidogo kidogo. Akianza kuongea mambo yasiyoeleweka au akizimia, usimnyweshe kitu. Mmwagie maji mwilini huku mkimkimbiza kituo cha afya. Hiyo ni dharura.

Tena, dirii hii haizuii kitu. Mapanga yawe ya boksi au mti mwepesi, na mapigo yafanyiwe mazoezi polepole. Nimewahi kusikia kijana akisema chapeo yake ya ndoo itamfaa kwenye pikipiki kwenda Sumbawanga. Plastiki ya ndoo ikigonga lami inapasuka, na kichwa kinafuata.

Mchezo ukiisha, osheni kila kitu kwa sabuni na maji, mkaushe kivulini, kwani jua kali huifanya plastiki iwe dhaifu. Chapeo inayovaliwa na watu wengi huambukiza mapunye na chawa, kwa hiyo kila mwigizaji awe na kitambaa chake cha kufunga kichwani kabla ya kuivaa, akifue nyumbani kwao. Andika jina lako ndani ya dirii yako kwa kalamu ya wino mzito. Ya mwenzako haitakuenea.