Fomati Huria Haihalalishi Programu ya Wizi

Fomati ya picha ni mpangilio ambao kompyuta huufuata inapohifadhi rangi na mistari katika faili. Maelezo ya fomati huria, kama PNG na SVG, yamechapishwa, na yeyote anaweza kuunda programu ya kuzisoma bila kumlipa mtu. Fomati miliki, kama CDR ya programu ya CorelDRAW, iko mikononi mwa kampuni iliyoibuni. PNG yenyewe ilitokana na ugomvi wa ada: mwishoni mwa 1994 kampuni ya Unisys, iliyokuwa na hataza ya mbinu ya kubana data katika fomati ya GIF, ilianza kuwadai watengenezaji wa programu. Kufikia 1996 PNG ilikuwa tayari.

Hatari inayopuuzwa haiko katika fomati. Kadi ya harusi au kijitabu cha mazishi kilichoandaliwa katika duka la uchapishaji mjini Kanja, Kenya, kikihifadhiwa kwa PNG, faili haina tatizo. Lakini ikiwa programu iliyokiandaa iliwekwa kutoka flashi ya rafiki, bila leseni, kosa liko palepale. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya maandishi, kama kitabu. Anayetengeneza nakala haramu ili aziuze anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 400,000, kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Kuwa na nakala haramu kwa ajili ya biashara nako ni kosa, hata kama ni fundi aliyeiweka. Irudiwe: PNG haisafishi programu ya wizi.

Mwenye nakala halali ya programu anaruhusiwa kutengeneza nakala ya akiba. Mengine yamo katika leseni yake.

Wakaguzi wa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO) hupewa cheti cha mamlaka. Mwenye duka akione kwanza, hasa mgeni anapotaka pesa mkononi. Naye awe na risiti na leseni karibu, maana neno la fundi si ushahidi.

Asiyemudu ada ya leseni hana sababu ya kuiba. Programu za GIMP na Inkscape hutumika bila malipo, hata kibiashara, na Inkscape hufungua baadhi ya faili za CDR. Kazi ya zamani ikishafunguka, maandishi yakaguliwe kabla ya kuhifadhiwa kwa SVG, kwani herufi huweza kuhama. Fonti nazo zina leseni zake, na nyingine hukataza matumizi ya biashara.