Anayemtunza mgonjwa nyumbani pia ahitaji msaada

Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kutoka hospitalini, kazi ya kumtunza mara nyingi humwangukia mtu mmoja, hasa mke au binti. Asiyeweza kujigeuza kitandani yafaa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, ili asipate vidonda vya kulalia. Ni vigumu mtu kuifanya kazi hiyo peke yake kwa miezi mingi bila kuugua.

Ikiwa mzigo huo ni wako, fanya haya.

Kwanza, kabla ya kuondoka wodini, mwombe muuguzi akufundishe kumgeuza na kumwinua mgonjwa, na kumlisha akiwa ameketi. Chakula kikiingia mapafuni huleta nimonia.

Pili, waite jamaa mgawane zamu, kila mtu na siku yake. Anayeishi mbali na atume pesa za dawa na nepi.

Tatu, mtafute mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji au mtaa wenu. Wahudumu hawa, ambao Serikali iliwapa vifaa mwaka 2023, hutembelea nyumba, hupima shinikizo la damu na kuwaelekeza wagonjwa kwenye zahanati. Kwa mgonjwa wa saratani, uliza pia kuhusu hospisi. Ile ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1990.

Mwisho, jichunguze. Ukikosa usingizi, ukilialia au ukijikuta ukimfokea mgonjwa, usione haya. Nenda ukamwone daktari kwa ajili yako mwenyewe. Mgonjwa anategemea mikono yako. Ikilegea, mtalala wawili.