Meseji Mbili, Muamala Mmoja?

Mteja amelipa Sh500 dukani kwako na simu imelia mara mbili. Meseji mbili, jina lilelile, kiasi kilekile. Umelipwa mia tano au elfu moja? Jibu haliko kwenye jina wala kiasi.

Programu zinazokusanya habari za tovuti mbalimbali na kukuletea pamoja hukutana na swali hilihili kila siku. Mhariri anachapisha habari asubuhi, saa sita anabadilisha kichwa, jioni anaongeza aya. Programu itajuaje kuwa hiyo ni habari moja, si tatu? Haiangalii kichwa. Habari hupewa kitambulisho chake, na programu huweka orodha ya vile ilivyokwisha kuviona. Ikikuta cha zamani lakini maneno yamebadilika, inasahihisha habari iliyopo. Ikikuta kipya, inaihesabu habari mpya, hata kama kichwa kinafanana na cha jana. Ni kama ID yako: nyoa, hama, olewa, namba ni ileile.

Mfumo wa Atom, wa mwaka 2005, unalazimisha kila habari iwe na kitambulisho na tarehe ya marekebisho. RSS 2.0 inaacha kitambulisho kiwe hiari. Kikikosekana, programu nyingi hutegemea anwani ya ukurasa, basi tovuti ikibadilisha anwani zake, habari za mwaka jana zinakujia tena kama mpya. Kero kweli, ila hapo hakuna pesa inayopotea.

Kwenye malipo, kitambulisho ni namba ya muamala, ule mchanganyiko wa herufi na tarakimu. Linganisha herufi moja moja. Zikiwa sawa, ni muamala mmoja, meseji tu imejirudia. Zikitofautiana, huenda mteja alibonyeza tena mtandao ulipochelewa. Huenda pia moja ni feki.

Hapo ndipo wengi huumia. Namba inaweza kunakiliwa. Programu makini za habari hulinganisha vitambulisho ndani ya tovuti moja tu. Tovuti nyingine ikiiga kitambulisho, haihesabiwi. Nawe fanya hivyo: meseji iliyotoka kwa namba ya mtu binafsi usiihesabu, hata ikiwa na namba ya muamala ya kweli. Angalia salio au taarifa ya akaunti yako mwenyewe.

Na mtu akikupigia, "Boss, nimetuma mara mbili, nirudishie moja," usimtumie chochote kwa mkono wako. Mwambie aombe kurudishiwa kupitia huduma kwa wateja, huko muamala utatafutwa kwa namba yake. Ukituma mwenyewe, halafu naye aombe kurudishiwa, utakuwa umetoa mara mbili.

Nawe unayelipa, meseji ikichelewa, angalia salio kabla ya kubonyeza tena. Kila malipo mapya yanayopita hupata namba yake, na mfumo hauwezi kujua kwamba ulikusudia kulipa mara moja tu.