Majani Mapya ya Miombo kwa Filamu Nyeusi na Nyeupe

Mwezi wa Septemba na Oktoba, mvua zikiwa bado hazijanyesha, misitu ya miombo ya Tabora na Katavi huchipua. Miti ya mtundu na muba hutoa majani mekundu na ya rangi ya shaba, na baada ya muda mfupi yote hugeuka kijani. Ukiyapiga picha ovyo utapata kijivu kitupu. Filamu nyeusi na nyeupe haijui rangi, inajua kiasi cha mwanga tu, na jani jekundu huweza kurudisha mwanga sawa na jani la kijani lililo jirani yake. Lazima uyatenganishe mwenyewe, kuanzia porini hadi kwenye karatasi.

Mahitaji
Kamera ya filamu, stendi, mita ya mwanga, filta nyekundu (namba 25) na filta ya kijani. Mimi hutumia filamu ya Ilford FP4 Plus, ISO 125, dawa ya ID-11, fiksa ya haraka isiyofanya filamu kuwa ngumu, na karatasi ya Multigrade yenye plastiki.

Hatua ya 1: Wahi asubuhi
Fika kabla upepo haujaamka, maana jani likitikisika picha imeharibika. Simama jua likiwa nyuma ya majani, kwa kuwa jani changa ni jembamba na mwanga hupenya ndani yake. Tafuta shina jeusi au kivuli kizito kitakachokuwa nyuma ya jani.

Hatua ya 2: Chagua filta
Filta nyekundu hupitisha mwanga mwekundu na kuzuia wa kijani. Majani machanga yatang'aa, yaliyokomaa yatakuwa na giza, na anga la buluu litakolea. Filta ya kijani hugeuza mambo: machanga yatakuwa na giza na ya kijani yatanawiri. Amua ni yapi unataka yaonekane kwanza, kisha ndipo ufunge filta.

Hatua ya 3: Pima mwanga
Pima bila filta, kwenye upande wa kivuli wa shina, pale unapotaka magamba yaonekane. Tuseme mita imesema 1/30 kwa f/8. Punguza mwanga kwa stopu 2 ili kivuli kibaki kivuli: 1/125. Filta nyekundu hula stopu 3, kwa hiyo ziongeze: 1/15 kwa f/8. Kwa kasi hiyo ndogo, usipige bila stendi.

Hatua ya 4: Safisha filamu
Changanya ID-11 na maji kiasi sawa, nyuzi 20, dakika 11. Pindua tangi kwa sekunde 10 za mwanzo, kisha sekunde 10 kila dakika inapoanza. Maji yetu ya bomba mara nyingi yana joto kuliko hapo, kwa hiyo weka chupa za dawa ndani ya beseni lenye barafu hadi kipimajoto kishuke. Simamisha dawa kwa sekunde 10, tia fiksa dakika 3 hadi 5. Kusuuza hakuhitaji bomba lililo wazi: jaza tangi maji ya joto lilelile, pindua mara 5, mwaga, jaza tena, pindua mara 10, mwaga, jaza mara ya mwisho, pindua mara 20.

Hatua ya 5: Kipande cha majaribio
Ndani ya chumba cha giza, ukiwa na taa nyekundu, weka filta ya gredi 2 kwenye mashine ya kukuzia. Kata kipande cha karatasi, kifunike kwa kadibodi, na usogeze kadibodi kila baada ya sekunde 3 upate mistari ya sekunde 3, 6, 9, 12 na 15. Kiache kwenye dawa ya karatasi dakika nzima, hata kama moyo unakuhimiza ukitoe. Kikishapita kwenye fiksa, kitazame kwenye mwanga mweupe.

Chagua sekunde kwa kutazama majani yanayong'aa: mishipa yake ionekane. Kisha chagua gredi kwa kutazama shina. Likiwa kijivu, panda gredi 3. Likiwa jeusi tii bila magamba, shuka gredi 1.

Hatua ya 6: Chapa picha
Zuia mwanga kidogo juu ya shina kwa kipande cha kadibodi kilichofungwa kwenye waya, ukikichezesha bila kutua. Kisha ongeza mwanga kwenye vijitundu vya anga kati ya majani. Vikibaki vyeupe kabisa, jicho litakimbilia huko na kuyasahau majani.

Hatua ya 7: Ngoja ikauke
Picha ikikauka huwa nyeusi kidogo kuliko ilipokuwa imelowa. Ihukumu siku ya pili. Andika daftarini aina ya mti, saa, filta, gredi na sekunde, kwa sababu ukirudi porini majani yale yatakuwa ya kijani, na hutapata mengine ya kulinganisha hadi Septemba ijayo.