Jirani Asiye wa Kabila Letu

Mara nyingi tutakapo kujifunza habari za watu wengine, twadhani yatupasa kusafiri mbali. Mtu wa Ikola hana haja hiyo. Na ashuke mwaloni asubuhi, mitumbwi irudipo na dagaa, atege sikio: atasikia Kibende na Kitongwe, Kifipa, Kiha, Kisukuma, na Kibembe kilichovuka ziwa kutoka Kongo. Swali letu ni hili: watu hawa wanajuana, au wanauziana tu?

Kuuziana si kujuana. Mtu aweza kununua dagaa kwa mama yule yule miaka kumi, wala asijue kwao huamkiana namna gani. Hapo ndipo dharau hupata nafasi. Mwenye ng'ombe na mwenye shamba wasipojuana, siku mifugo iingiapo katika mahindi, kila mmoja huona kabila mbele yake, haoni mtu.

Pwani hii imekwisha kutufundisha njia bora. Karema, kusini ya Ikola, alifika mwaka 1889 tabibu Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Akatekwa utotoni, akauzwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa utabibu huko Malta. Hakuwa na ukoo Karema. Akaoa papo hapo, akawatibu wenyeji mpaka alipofariki mwaka 1956. Baada ya miaka 67, nani angethubutu kumwita mgeni?

Lakini leo lipo neno linalotuaibisha. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa makazi Katumba na Mishamo, mkoani kwetu, na Ulyankulu, Tabora. Wakafyeka pori, wakalima. Mwaka 2014 Serikali ilitangaza uraia kwa watu zaidi ya 160,000 wa makazi hayo. Hata hivyo wapo wamwitao "mkimbizi" kijana aliyezaliwa Mishamo. Huko ni kumfungia mlango mtu aliye nyumbani kwake. Tena, Mha na Mrundi husikilizana kwa lugha zao bila mkalimani. Undugu upo; haujatafutwa.

Basi, tufanye nini? Kwanza, tujifunze salamu ya jirani kwa lugha yake. Pili, twende misibani kwao, tusingoje kuitwa. Tatu, wazee wa wakulima na wa wafugaji wakutane kabla mazao hayajaiva, si baada ya fimbo kuinuliwa. Nne, tuutunze utani. Wazee wetu waliweza kukemeana na watani wao bila chuki, kisha wakazikana; nao utani hauwezekani kwa watu wasiojuana.

Jioni hii kila mzazi na amwulize mtoto wake: rafiki yako wa kabila lingine ni nani, na kwao huamkiana namna gani? Mtoto akikosa jibu, tusimlaumu yeye. Tumwonyeshe sisi.