Dondoo muhimu: Kabla hujabishania hadithi ya gemu

Ukitaka kusema hadithi ya Fire Emblem: Three Houses (2019) ni dhaifu, taja kwanza umeimaliza kwa njia ipi. Njia ziko nne, na adui wa njia moja ndiye kiongozi wako katika nyingine.

Mazungumzo ya hiari usiyadharau kabisa. Ukiwa mwalimu wa nyumba ya Black Eagles, katika sura ya 11 mtafute kiongozi wao, Edelgard, kwenye monasteri na ukubali kumsindikiza. Uhusiano wenu uwe umeshafika kiwango cha C+. Ukimpita, njia yake inafungwa, na pamoja nayo hadithi nzima ambayo wenzako wanaibishania. Hifadhi mchezo mahali pa pekee kabla mwezi wa sura hiyo haujaisha.

Si kila cha ziada kina uzito huo. Katika Final Fantasy Tactics (1997), Cloud hupatikana kwa msururu wa kazi za pembeni, anaingia akiwa ngazi ya 1, na kisa cha mhusika mkuu, Ramza, hakisogei. Muda ukibana, mwache. Katika Three Houses, anza na sura za ziada za wahusika unaowapeleka vitani kila mara, maana nyingine hufungwa hadithi ikisonga mbele.