TAA YA INJINI INAWAKA NA KUZIMA? USINUNUE SPEA KABLA YA KUPIMA

Somo hili ni la sisi tunaopelekea wateja mizigo kwa gari zetu wenyewe. Mimi sio fundi, niliishia kidato cha nne, ila hili limeshanila hela.

Niko Handeni, nauza mashuka na mapazia mtandaoni. Jumatano na Jumamosi napeleka oda Korogwe. Mwaka jana taa ya injini ikaanza kuwaka njiani, kesho yake imezima. Nikasema imepona. Wiki iliyofuata ikarudi. Nikaenda gereji taa ikiwa imezima, nikamwambia fundi "kuna taa huwa inawaka," basi. Akakisia ni sensa ya ekzosi. Nikatoa 180,000, hela ya mzigo mpya. Siku ya tatu taa hiyo tena, gari inatetema, na nimebeba mapazia ya mama mwenye shughuli jioni ile. Nilichelewa masaa matatu. Mzigo alipokea, ila hajaagiza tena mpaka leo.

Nilichojifunza ni hiki:

1. ANGALIA INAWAKAJE. Ikiwaka bila kupepesa na gari inaenda kawaida, malizia safari taratibu, ukapime. Ila ikipepesa haraka haraka, mara nyingi kuna silinda haichomi vizuri. Petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuharibu kichujio chake, ambacho ni ghali. Punguza mwendo, tafuta pa kupaki. Na ikiwaka taa nyekundu ya oili, au joto likipanda, zima injini hapo hapo.

2. ANDIKA. Weka daftari ndani ya gari. Taa imewaka saa ngapi? Injini ya moto au baridi? Mlimani? Mvua? Umetoka kuweka mafuta? Yangu ilikuwa inawaka injini ikishapata moto, nikipanda mlima na mzigo.

3. SOMA NAMBA YA TATIZO. Kuna kifaa kidogo cha OBD2, kinachomekwa chini ya usukani, unasoma kwenye simu kwa bluetooth. Baadhi ya gari za soko la Japani zinakataa vifaa vya bei rahisi, kwa hiyo jaribu kwenye gari yako kabla hujalipa. Taa ikizima, namba mara nyingi inabaki kwenye kumbukumbu kwa muda. Ipige picha kwanza, usikimbilie kufuta. Yangu ilikuwa P0301, yaani silinda ya kwanza haichomi vizuri.

4. PIMA NDIPO UNUNUE. Namba inakuonyesha pa kutafuta, haikwambii spea ipi imekufa. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, anza na soketi za waya: imelegea? Ina kutu? Halafu kama gari yako ina koili kwa kila silinda, hamisha koili ya kwanza iende ya pili, na ya pili ije ya kwanza. Futa namba, endesha. Namba ikihamia P0302, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, kaangalie plagi na nozeli. Yangu ilihama. Nikanunua koili ya mtumba 40,000, na taa haijarudi tena.

Fundi simlaumu. Nilimpelekea gari ambayo muda ule haina shida, nikampa maneno manne, naye akabahatisha. Siku hizi naenda na daftari na picha ya namba.

Sasa piga hesabu. Kwenye shuka moja napata faida ya 6,000. Ile 180,000 ni faida ya mashuka 30, nimeyapiga picha, nimeyapasi, nimeyapeleka mpaka Manundu, halafu nimefunga sensa ambayo gari haikuihitaji.

Taa ikizima yenyewe, usiseme imepona. Chukua daftari.